Ukiulalamikia mtandao ndani ya mtandao, unauumiza au unaunenepesha?

Swali hili limetufikia kutoka Kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Aliyeuliza ni mama anayenunua dagaa mwaloni, anawaanika, kisha anawauza kwa magunia. Alikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii, na ukurasa huo ndio uliokuwa duka lake. Mteja wa Bukoba aliona picha ya dagaa waliokauka vizuri, akapiga simu, mzigo ukapakiwa kwenye boti. Mteja wa Mwanza alifanya hivyo hivyo.

Asubuhi moja alikuta ameshindwa kuingia. Tapeli alikuwa ameuteka ukurasa, amebadili neno la siri, na ameanza kupokea pesa za watu kwa jina lake. Mama akaripoti kwa wenye mtandao zaidi ya mara moja. Alijibiwa na mashine: tumepokea taarifa yako, asante.

Akakasirika, akafungua akaunti mpya, akaanza kuusema mtandao huo ndani ya mtandao huo huo. Aliandika kila siku, akawaomba watu wasambaze. Posti yake moja ikapata maoni mengi kuliko posti yoyote ya dagaa aliyowahi kuweka. Wapo waliomwonea huruma, wapo waliomcheka, wapo waliogombana wao kwa wao. Wenye mtandao hawakusema neno. Ila alipokuwa akisoma maoni yale aliona kitu kilichomfanya atuandikie: kila akishuka kidogo, anakutana na tangazo la biashara.

Akatuuliza: "Je, hizi kelele zangu zinawaumiza, au nawafanyia kazi bure?"

Tutajibu kwa kirefu, kwa sababu swali hili si la Goziba peke yake. Lakini jibu la kifupi ni hili: mara nyingi, kelele zinazopigwa ndani ya mtandao ni chakula cha mtandao huo. Kinachouuma ni watu kuondoka, pesa kuondoka, au sheria kuingia. Na iko mitandao mingine, hasa midogo ya hapa kwetu, ambayo malalamiko ya watu yanaweza kuikuza leo na kuifungisha kesho.

Mtandao unakula nini?

Tuanze na mwalo. Siku ugomvi ukizuka mwaloni kati ya mwenye mtumbwi na mnunuzi, watu wote husogea kuangalia. Mama ntilie aliyekuwa na chai ya kubakiza anaimaliza. Muuza maandazi anamaliza sinia. Wanaogombana wanaweza kuwa wanamtukana hata mwenye kibanda chenyewe, lakini muda wote wanaomtukana, watu wamejaa kwenye kibanda chake.

Mitandao mikubwa ya kijamii inaendeshwa hivyo. Wewe hulipi kuingia Facebook wala Instagram, zaidi ya bando lako. Anayelipa ni mwenye tangazo. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 160 za Marekani, na katika kila dola 100, zaidi ya 97 zilitokana na matangazo. Mwenye tangazo analipia macho ya watu. Kadiri watu wanavyokaa muda mrefu wakisoma, wakijibu na kusambaza, ndivyo matangazo mengi yanavyoweza kupitishwa mbele yao.

Sasa, anayeamua posti ipi ipelekwe kwa watu wengi si mtu aliyekaa ofisini. Ni programu ya kompyuta. Programu hiyo inahesabu: wangapi wamesimama hapa, wangapi wameandika, wangapi wamesambaza. Posti ya kuusifu mtandao na posti ya kuulaani zote zinaingia kwenye hesabu hiyo, na yenye maoni elfu moja inaishinda yenye maoni kumi.

Wala hasira haidharauliwi kwenye hesabu hiyo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Vyombo vya habari vilivyozisoma vilieleza kwamba kuanzia mwaka 2017 Facebook iliihesabu alama ya uso wenye hasira kuwa na uzito mara tano ya alama ya kawaida ya kupenda. Kwa lugha ya mwaloni, mtu mmoja aliyekasirika alihesabiwa kama watu watano waliotabasamu. Baadaye kampuni iliupunguza uzito huo hadi kuuondoa kabisa, baada ya wafanyakazi wake wenyewe kuona kwamba posti zinazokusanya hasira ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na uongo na chuki.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwenye mtandao mambo yamezidi hapo: kelele za chura ndizo zinazomwita ng'ombe kisimani.

Walipoondoka, simu zilipokelewa

Je, hakuna siku ambayo watumiaji waliutikisa mtandao mkubwa? Ipo. Wengi wetu tunaikumbuka, kwa sababu ilifika mpaka kwenye simu zetu.

Mwanzoni mwa Januari 2021, WhatsApp iliwatumia watu ujumbe kwamba masharti yake yanabadilika, na kwamba kila mtu ayakubali kabla ya Februari 8. Watu wengi walielewa kwamba Facebook sasa itasoma meseji zao. Kampuni ilieleza kwamba meseji za mtu na ndugu yake zimefungwa kwa namna ambayo hata yenyewe haiwezi kuzisoma, na kwamba mabadiliko yanahusu zaidi mazungumzo ya watu na biashara. Lakini woga ulikuwa umeshaenea.

Watu hawakuishia kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp. Walianza kuhama. Walipakua Signal, walipakua Telegram. Katikati ya mwezi huo Telegram ilitangaza kwamba imepata watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72. Tarehe 15 Januari, WhatsApp ikasogeza mbele siku ya mwisho hadi Mei 15. Baadaye ikasema haitamzuia kutumia huduma yule ambaye hajakubali masharti hayo.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, kampuni ilishtuka ilipoona watu wanatoka, na kelele zenyewe zilikuwa zikipigwa kwingine: Twitter, magazetini, redioni. Ukimsema mwenye duka ukiwa umesimama kwenye duka la mshindani wake, anasikia haraka zaidi.

La pili linasikitisha kidogo. Masharti yale hayakufutwa, yaliahirishwa tu. Na wengi wa waliohamia Telegram na Signal waliendelea kuiweka WhatsApp kwenye simu, kwa sababu shangazi yuko WhatsApp, mteja yuko WhatsApp, grupu la shule ya mtoto liko WhatsApp. Kuhama mtandao si kama kuhama mtungi wa maji. Ni kama kuhama mwalo: unaweza kuuchukua mtumbwi wako, lakini wanunuzi wamebaki kule.

Mgomo wenye tarehe ya kurudi

Juni 2023 ulitokea mgomo mwingine mkubwa, kwenye mtandao wa Marekani uitwao Reddit. Reddit umegawanyika katika maelfu ya makundi, na kila kundi lina wasimamizi wanaojitolea bila malipo. Wenye mtandao walipoamua kuwatoza pesa nyingi watengenezaji wa programu za nje zilizokuwa zikiwasaidia watu kuutumia, wasimamizi walikasirika. Zaidi ya makundi 8,000 yakafungwa kuanzia Juni 12. Kwa mengi kati ya hayo, mpango ulikuwa kufunga kwa saa 48.

Mkuu wa kampuni, Steve Huffman, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba jambo hilo litapita kama mengine yalivyopita. Na lilipita. Bei mpya ilibaki pale pale. Wasimamizi walioendelea kufunga makundi yao waliambiwa wanaweza kubadilishwa. Mwisho wa mwezi, programu maarufu ya Apollo ikazimwa na mtengenezaji wake. Machi 2024 Reddit iliuza hisa zake kwa mara ya kwanza kwenye soko la New York.

Wavuvi wa dagaa wataelewa kwa nini mgomo ule haukuuma. Kila mwezi mbalamwezi inapowaka, taa hazivuti dagaa, na mitumbwi inapumzika. Mnunuzi haogopi. Anajua mwezi utapungua, giza litarudi, na mitumbwi itaingia ziwani. Anangoja tu. Ukigoma na kutangaza kwamba keshokutwa unarudi, umempa mwenye mtandao mbalamwezi ya siku mbili. Ataingoja ipite.

Pesa za wakubwa na pesa za wadogo

Kama chakula cha mtandao ni matangazo, je, tukiwaomba wenye matangazo waondoke? Hilo nalo limejaribiwa, na majibu yake yalikuwa mawili tofauti.

Katikati ya mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi nchini Marekani, vyama vya kutetea haki viliyaomba makampuni yasitangaze Facebook mwezi Julai, ili kuilazimisha idhibiti maneno ya chuki. Zaidi ya makampuni 1,000 yaliitikia, yakiwemo makubwa kama Unilever na Coca-Cola. Magazeti yaliandika sana. Lakini mwaka ulipofungwa, mapato ya Facebook yalikuwa yamepita dola bilioni 85, kutoka takriban bilioni 70 mwaka uliotangulia.

Ilikuwaje? Ni kwa sababu Facebook haiwategemei matajiri wachache. Inategemea mamilioni ya wafanyabiashara wadogo duniani kote: fundi cherehani, muuza viatu, mwenye saluni, na hata muuza dagaa anayelipia shilingi chache ili posti yake ifike mbali. Hao hawakugoma. Wengi wao, katika mwaka ule wa korona, hawakuwa na sehemu nyingine ya kuuzia.

Twitter ilikuwa na sura nyingine. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022, baadaye akaibadilisha jina kuwa X. Makampuni makubwa yakaanza kusitisha matangazo, yakihofia jina lao kuonekana pembeni ya matusi na uchochezi. Julai 2023 Musk mwenyewe alisema mapato ya matangazo yameshuka kwa karibu nusu. Hapo mtandao uliuma kweli, kwa sababu ulikuwa ukiwategemea wakubwa, na wakubwa waliondoka.

Angalia basi: muda wote huo, watumiaji wa kawaida waliokuwa wakimtukana Musk ndani ya mtandao wake walikuwa wakiuchangamsha. Waliomtia hasara ni wale waliofunga mkoba na kukaa kimya.

Njia ya mahakama: Nairobi

Kuna njia nyingine ambayo haipitii kwenye skrini kabisa, na imefunguliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Nairobi palikuwa na ofisi ambako vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa wakitazama posti za Facebook ili kuondoa zile mbaya: mauaji, ukatili kwa watoto, na mengineyo. Waliajiriwa kupitia kampuni iitwayo Sama. Mwaka 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo, aliishtaki Meta na Sama katika mahakama ya Kenya, akisema kazi ile ilimuumiza akili na kwamba aliachishwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake. Mwaka 2023 wafanyakazi wengine 184 wakafungua kesi yao. Meta ilijitetea kwamba si kampuni ya Kenya, hivyo haiwezi kushtakiwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema inaweza.

Kesi nyingine ni ya Mwethiopia, Abrham Meareg. Baba yake, Profesa Meareg Amare, alikuwa mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar. Wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia ziliwekwa Facebook posti zenye jina na picha yake, zikimtuhumu. Mtoto anasema aliziripoti kwa Facebook. Novemba 2021 baba yake aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 mtoto alikwenda Mahakama Kuu ya Kenya pamoja na Mwethiopia mwenzake na taasisi ya Katiba Institute ya Kenya. Aprili 2025 mahakama hiyo ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Uamuzi huo haukusema nani ana makosa. Ulisema tu kwamba kampuni ije ijibu.

Mama wa Goziba aliripoti, akajibiwa na mashine. Abrham anasema naye aliripoti. Uzito wa mambo yao haulingani hata kidogo, lakini ukuta waliougonga ni mmoja. Tofauti ni kwamba barua ya mahakama hairundikiwi maoni wala haiwekewi tangazo pembeni. Lazima ijibiwe na mtu.

Pale malalamiko yanapoufungisha mtandao

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu wanaoulalamikia mtandao wenyewe. Lakini wengi wetu tunautumia mtandao kulalamikia mambo mengine: barabara, ushuru, bei ya mafuta ya injini, viongozi. Hilo nalo linaunenepesha au linauumiza?

Kwanza linaunenepesha. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, uwanja wao ulikuwa X na TikTok. Tarehe 26 mwezi huo Rais William Ruto alisema hatautia saini, na Julai 5 yeye mwenyewe aliingia X kujibizana na vijana kwa sauti, watu wengi wakisikiliza. Kwa mwenye mtandao, huo ni mwalo uliojaa usiku na mchana.

Lakini uwanja uliojaa huonwa na serikali pia. Tanzania tunao mfano wetu, JamiiForums. Ulianzishwa mwaka 2006, ukiitwa JamboForums, na kina Maxence Melo na Mike Mushi. Ulikua kwa sababu watu waliweza kuandika humo bila kutaja majina yao: kero za ofisi za umma, tuhuma za rushwa, siasa. Malalamiko ndiyo yaliyoujaza watu. Na malalamiko hayo hayo ndiyo yaliyouletea misukosuko. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kushtakiwa, msingi mmoja wa kesi ukiwa ni kukataa kutoa taarifa za watumiaji kwa polisi. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kudai leseni, mtandao huo ulizimwa kwa muda. Septemba 6, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha leseni yake kwa siku 90, ikisema umekiuka kanuni za maudhui.

Linganisha na mitandao ya kigeni. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X kudukuliwa na kuwekewa taarifa za uongo, X iliacha kupatikana nchini. Baadaye aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, Jerry Silaa, alieleza kwamba sababu ni maudhui ya ngono yanayoruhusiwa humo, kinyume na maadili ya nchi. Uganda nayo iliifunga Facebook Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, baada ya Facebook kuondoa akaunti ilizosema zinahusiana na serikali na zinadanganya watu. Je, Meta ilifilisika kwa kukosa Uganda? Hapana. Ina nchi nyingine nyingi za kuuza matangazo.

JamiiForums haina nchi nyingine. Wasomaji wake wako hapa, leseni yake iko hapa. Siku 90 kwa mtandao wa namna hiyo ni kama kumfungia mvuvi mmoja ziwa zima, wakati mwenye meli anahamia bahari nyingine.

Hilo ndilo jambo ambalo tungependa msikilizaji alishike. Malalamiko yale yale yanalisha mtandao mkubwa na kuuhatarisha mdogo. Tunalisema hili bila kujitenga nalo, kwa sababu redio nayo inasikika kwa leseni. Na mtandao mdogo unapofungwa, anayekosa si mwenye mtandao tu. Anakosa pia mtu wa kisiwani aliyekuwa akiweka humo kero ya zahanati au ya boti, kwa kuwa mtandao wa Marekani hauna mtu anayejua Goziba iko wapi.

Basi mama afanye nini?

Mama yetu, turudi kwako. Uliuliza kama kelele zako zinawaumiza. Kwa mtandao mkubwa kama huo, hapana. Lakini hatusemi unyamaze. Tunasema utenganishe kazi mbili: kuwaonya wateja, na kumbana mwenye mtandao. Posti inafaa kwa kazi ya kwanza. Kwa kazi ya pili haifai sana.

Kuwaonya wateja: andika posti moja, fupi, iliyo wazi. Sema ukurasa wa zamani si wako tena, mtu asitume pesa huko, namba yako halali ni hii. Waombe ndugu na wateja wauripoti ule ukurasa uliotekwa, badala ya kuandika maoni chini yake. Kila maoni chini ya ukurasa wa tapeli, hata ya kumlaani, yanauonyesha ukurasa wake kwa watu wengine.

Kutunza ushahidi: piga picha za skrini zinazoonyesha jina la ukurasa, anuani yake, tarehe, namba ya simu aliyotumia tapeli kupokea pesa, na meseji za muamala za waliotapeliwa. Fanya hivyo mapema, kwa sababu tapeli akishtuka anafuta.

Kuripoti kunakoacha alama: namba ya simu inayotumika kutapeli inaweza kuripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040, bila kujali laini yako ni ya kampuni gani. Pia ripoti polisi, upate namba ya kumbukumbu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu anayeingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa na anayejifanya mtu mwingine. Kama picha zako na taarifa zako binafsi zinatumiwa vibaya, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022. Tunajua safari ya kutoka kisiwani hadi mjini ina nauli yake. Mkiwa wengi mliotapeliwa na namba moja, changeni nauli, mpeleke ushahidi wenu kwa pamoja.

Kufunga mlango kabla ya mwizi: ukifungua ukurasa mpya, washa uthibitisho wa hatua mbili. Namba za siri zinazotumwa kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni, hata akisema umeshinda zawadi.

Na kama mnataka kuubana mtandao kweli, ninyi wauzaji wote wa visiwa vya Muleba, kumbukeni ya WhatsApp. Mwenye mtandao anashtuka anapoona watu wana pengine pa kwenda. Anzeni kujijengea hapo pengine sasa hivi, kabla ya ugomvi. Grupu kwenye programu nyingine. Orodha ya wateja kwa meseji za kawaida, ambazo hazihitaji bando. Na kwanza kabisa, daftari.

Ndiyo, daftari la karatasi. Andika jina la mteja, namba yake, yuko wapi, na huwa anachukua magunia mangapi. Liweke sehemu isiyofikiwa na maji. Ukurasa unaweza kutekwa na tapeli, mtandao unaweza kufungwa kwa amri, na tumeshaona intaneti ya nchi nzima ikizimwa kwa siku kadhaa, kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Mwenye namba za wateja wake kwenye daftari anaweza bado kupiga simu Mwaloni Kirumba na kuuliza gunia leo ni bei gani.

Mama alitujibu kwamba wateja wake alikuwa nao zaidi ya mia mbili, wote ndani ya ukurasa ule. Kwa kichwa anakumbuka kumi na saba. Ameshaanza kuwaandika.